Pengo la Nyar Karungu

Nakumbuka siku moja, mwanangu, na siku hiyo naikumbuka vizuri kuliko hata siku ya harusi yangu. Mzee mmoja wa Ndhiwa aliisogelea picha niliyomchorea, akaisogelea tena mpaka pua yake ikakaribia kugusa rangi, kisha akanigeukia akaniuliza kwa upole kabisa, "Mwanangu, huyu mrembo ni nani?"

Picha ilikuwa ya mke wake.

Sasa kaa. Vuta hicho kiti, chai iko kwenye thamosi, jimiminie mwenyewe maana magoti yangu leo yamegoma. Picha uliyoniletea asubuhi nimeiona. Nimeigeuza ikatazama ukuta ili isinikatize maneno, na nitakuja kuisema mwishoni. Usininunie. Mimi nikitaka kumkaripia mtu humkaripia tu, sipotezi chai yangu kwa hadithi. Ukiona nimekuwekea kiti, ujue nimeona kitu mkononi mwako na sitaki kiharibike.

Na nitakusimulia kwa Kiswahili, ingawa watu wote nitakaowataja walizungumza Kijaluo. Najua kwenu baba Mjaluo, mama Mkuria, na nyumbani mnakutana katikati.

Watu siku hizi wananiita mchoraji mkubwa. Picha zangu zimetundikwa Kisumu, zimetundikwa Nairobi, nyingine zimevuka bahari na sitaziona tena. Lakini mimi nilianzia Uriri kwa kuchora kuta za maduka. Ile miaka ya tisini ilipoanza, ukiona hoteli yenye kikombe cha chai ukutani kinachotoa mvuke, jua ni mimi. Ukiona kinyozi mwenye vichwa vitatu vya wanaume, vyote vinafanana, ni mimi pia. Nilikuwa na miaka ishirini na minane, nina ngazi yangu na makopo yangu manne ya rangi, na nilijiona nimefika. Aii, yawa! Nikikumbuka vile vichwa vitatu naona aibu mpaka leo.

Kilichoniondoa Uriri ni omena, wale dagaa wa ziwani. Ndiyo, cheka. Mama mmoja muuza samaki wa Muhuru Bay aliniita nikamwandikie jina kwenye mtumbwi wake. Nilifika jua likiwa kali, akaniingiza sebuleni ninywe maji kwanza. Ukutani palikuwa na picha ya wanawake wakianika omena mchangani asubuhi. Nilisimama na ile bilauri mkononi nikasahau kunywa. Omena walikuwa wanang'aa. Walikuwa wanang'aa, mwanangu, vile wanavyong'aa wakiwa bado na maji mgongoni, na mimi fundi wa rangi nikatafuta ile rangi ya fedha tuliyokuwa tukiinunua kwenye kopo dogo, nikaikosa. Nilisogea. Palikuwa na kijivu tu, na samawati kidogo, na vidoto vya manjano hapa na pale. Nikirudi nyuma hatua mbili, samaki. Nikisogea karibu, kijivu. Nilirudi nyuma na kusogea mbele kama mara kumi hivi, mpaka mwenye nyumba akaniuliza kama nimepatwa na kizunguzungu. Nilipeleka kidole nikagusa, nione kama ni mbichi. Machozi yalinitoka, wala sioni haya kukuambia. Sikujua kwamba mkono wa mtu unaweza kufanya jambo kama lile. Nilikuwa nimeishi miaka ishirini na minane nikiwaona omena kila siku kwenye sahani, na kumbe sikuwa nimewaona hata mara moja.

"Hii imechorwa na nani?" nikamuuliza.

"Kuna mzee Homa Bay," akasema. "Anatumia rangi za mafuta. Haikauki upesi, alituweka wiki tatu hatuigusi."

Wiki mbili baadaye nilikuwa Homa Bay nimesimama mlangoni pa yule mzee. Mimi nilimwita Mwalimu mpaka siku alipofariki, na wewe pia nitakutajia hivyo hivyo. Alikuwa mwembamba, mrefu, ana sweta moja la kijani alilovaa jua na mvua. Alifundishwa kidogo na padri mmoja aliyekuwa akichora ndani ya makanisa, na mengine alijifundisha. Chumba chake kilinuka tapentaini na samaki wa kukaanga, na hadi leo hizo harufu mbili zikikutana nahisi kama nimerudi kwetu. Hakuwa na vitambaa vya dukani. Alinunua matanga makuukuu ya mitumbwi, akayafua, akayachemsha, akayakaza kwenye fremu na kuyapaka gundi na chokaa. Miezi mitatu ya kwanza mimi kazi yangu ilikuwa hiyo, kufua matanga. Nilinung'unika sana, lakini kila jioni alinionyesha jambo moja, na jambo hilo moja lilitosha kunifanya nirudi asubuhi. Siku moja alinionyesha kwamba kivuli cha mtu kwenye mchanga si cheusi. Nilikwenda ufukweni kuangalia. Haki ya Mungu, si cheusi! Nenda kaangalie mwenyewe.

Mwalimu alikuwa na sharti moja, nalo hakulilegeza kwa mtu yeyote. Kabla ya kumchora binadamu, sharti ukae naye siku tatu mikono mitupu. Bila brashi, bila penseli. Unakunywa uji wao, unachambua mboga nao, unasikiliza. Kama mtu amefariki, unakaa na waliomzika. Yeye aliita hivyo tu, kukaa. Watu wengine walimwona mzee mvivu anayetafuta chakula cha bure, na nisikudanganye, kuna siku nilikuwa miongoni mwao.

Basi ndipo akaja Akinyi. Alikuwa mwanamke wa makamo, amevaa leso mbili, ametoka Ndhiwa. Alieleza shida yake akiwa amesimama. Baba yake, Jaduong' Ogola, yaani Mzee Ogola, alikuwa na presha ya macho. Jicho la kushoto lilikuwa limekwisha. La kulia lilikuwa linaona kwa mbele tu, sehemu ndogo, kama mtu anayechungulia kwenye tundu la ufunguo, na daktari alikuwa amesema hata hilo tundu litazibika karibuni, pengine kabla mahindi yaliyokuwa shambani hayajavunwa. Mzee hakulia. Aliomba kitu kimoja tu: kabla giza halijafika, aone tena uso wa mkewe.

Mkewe alikuwa ameshalala kaburini miaka kumi. Aliitwa Nyar Karungu, binti wa Karungu, maana aliolewa kutoka huko, na Ndhiwa nzima ilimjua kwa jina hilo. Picha yake ilikuwa moja tu, ile ndogo ya kitambulisho, nyeusi na nyeupe, imefifia. Mpiga picha alikuwa amemwambia afunge mdomo asitabasamu, naye akatii, mdomo wake ukawa mstari. Akinyi akaitoa kwenye kitambaa akamkabidhi Mwalimu kwa mikono miwili.

"Baba akiishika hii anasema anaona kitambulisho," akasema. "Anataka kumwona mama."

Mwalimu alikuwa na safari ya Migori kesho yake, kuchora ukuta wa kanisa, kazi ya mwezi mzima. Akanipa mimi. Unaelewa? Picha yangu ya kwanza ya mtu, ya rangi za mafuta, kwa mkono wangu mwenyewe. Niliruka ndani kwa ndani. Alipokuwa anafunga begi lake aliniambia, "Nenda Ndhiwa ukakae siku tatu. Brashi uache hapa." Nikasema ndiyo, Mwalimu.

Sikwenda.

Nilijiambia barabara ina matope. Nilijiambia macho ya mzee yanaisha, kwa hiyo siku tatu za kunywa uji ni kumwibia. Hiyo ya pili ilikuwa sababu nzuri sana, na nilijivunia kuwa nayo. Lakini ukweli, mwanangu, ni kwamba nilitaka Mwalimu arudi akute nimemaliza, ashike kichwa aseme, huyu msichana! Nikakaa na ile picha ya kitambulisho na kioo cha kukuza, nikachora siku na siku. Nilimpa ngozi nyororo. Nilimpa kitambaa cha kichwa cha bluu kilichotulia vizuri. Na kwa kuwa nilidhani mzee anayepofuka anastahili kuonyeshwa furaha, ule mdomo niliufungua nikamchekesha. Nikampangia meno, juu na chini, meupe, yamejipanga sawa kama ya wale wasichana wa kwenye kalenda za sabuni. Niliyafanyia kazi siku mbili yale meno. Sijawahi kuchora meno mazuri kama yale tena.

Sasa wewe ulikulia mjini, labda hujashtuka. Mwanamke wa Kijaluo wa rika lile alikuwa ameng'olewa meno sita ya mbele ya chini akiwa msichana. Ilikuwa desturi, ndivyo ulivyojulikana kwamba umekua na ni wa watu gani. Kila bibi niliyemjua utotoni alikuwa na pengo hilo. Dani yangu mwenyewe, mama yake baba, aliyenibeba mgongoni na kunilisha kwa mkono wake, alikuwa nalo! Na mimi nikakaa chumbani Homa Bay, siku mbili, nikimpangia Nyar Karungu meno ya chini moja baada ya jingine, na sikukumbuka.

Au nilikumbuka. Hilo ndilo linaloniuma. Nilipokuwa shuleni msichana mmoja alimwigiza dani yangu jinsi anavyotamka maneno, darasa zima likacheka, na mimi nikacheka pamoja nao. Tangu siku hiyo nilijifunza kutoliangalia lile pengo. Nikiongea na dani nilimwangalia machoni. Kwa hiyo mkono wangu ulipofika pale mdomoni, ulifanya nilichoufundisha.

Picha ilipokauka nikaipeleka Ndhiwa mwenyewe, nimevaa viatu vizuri. Jaduong' Ogola alikuwa amenyolewa na kuvalishwa koti. Akinyi alimweka mlangoni penye mwanga. Nikafunua kitambaa, nikasubiri sifa. Na ndipo aliposogea, akasogea tena, akaniuliza huyu mrembo ni nani.

Akinyi alifunika mdomo kwa leso. Mimi nikasema, kwa sauti ndogo, "Ni mke wako, Jaduong'."

Mzee aliangalia tena. Alitaka kunisaidia, mwanangu, niliona anavyojitahidi, anazungusha kichwa polepole ili lile tundu lake lipite kila mahali. Kisha akanipapasa bega. "Umefanya kazi nzuri, nyathina, mwanangu," akasema. "Huyu ni mtu mzuri. Lakini hajawahi kuingia nyumba hii." Akaomba asaidiwe akae. Hakuiangalia tena, na jicho lake moja akalielekeza uani ambako kuku walikuwa wanachakura.

Sikumbuki nilivyorudi Homa Bay. Nilimfuata Mwalimu huko huko Migori, nikamkuta juu ya jukwaa kanisani, anachora ukingo wa joho la mtakatifu. Nikaiegemeza picha kwenye benchi. Aliteremka taratibu, akaipangusa miwani kwa lile sweta la kijani, akaangalia kwa muda mrefu. Sikuwa na haja ya kumweleza.

"Dani yako alikuwa na meno haya?" akauliza.

"Hapana, Mwalimu."

"Mama yangu je?"

"Hapana."

"Huyu naye umemtoa wapi?"

Nikaanza kulia, nikasema nilitaka apendeze, nilimhurumia. Hapo ndipo alipokasirika, na mtu mpole akikasirika, jamani, utatamani ardhi ikumeze.

"Ulimhurumia kwa shida gani?" akasema. "Yeye alikwambia ana shida? Alikula hivyo, akaimba hivyo, akaposwa hivyo, akapendwa hivyo miaka arobaini. Wewe ndiye uliyekuwa na shida na mdomo wake. Umechukua aibu yako ukaipaka juu ya uso wa mke wa mtu, na mwenye mke amebakiwa na jicho nusu." Akashika ngazi apande, halafu akasita. "Penseli hufutika, makosa ya rangi ya mafuta hukwanguliwa. Kwangua. Kisha uende ukakae."

Nilikwangua kwa kisu. Yale meno yalitoka ya kwanza.

Na nikaenda. Siku tatu nilikaa kwa Jaduong' Ogola nikipukuchua mahindi ya mwaka uliopita na kuosha vyombo, na sikuuliza swali lolote la uchoraji. Siku ya kwanza hakuna aliyemtaja marehemu. Nadhani waliniogopa, au walinikasirikia, na sikuwalaumu. Siku ya pili mzee alisikia sauti ya ndama, akacheka peke yake. Akasema Nyar Karungu hakuhitaji kuita ndama kwa jina. Alipiga mluzi kupitia pengo lake, na ndama wote wa boma lile, na wa jirani pia, wakaja mbio. Akinyi akadakia, "Na akicheka, baba, mwambie akicheka!" Kumbe kicheko cha mama yule kilianza kwa mluzi. Ulisikia mluzi mdogo kwanza, fyuu, halafu ndipo kicheko kikafuata, na watu walicheka kwa ule mluzi kabla hawajajua kichekesho ni nini.

Baada ya hapo mlango ulifunguka. Nikaambiwa alikuwa na kovu juu ya nyusi ya kulia, pembe ya ng'ombe ilimpata. Kitambaa chake cha kichwa hakikutulia hata siku moja, kilikuwa kimeteleza nyuma daima. Paji la uso alimwachia Akinyi lote, hata mikunjo. Na alipokuwa anafanya jambo linalotaka akili, kutunga uzi kwenye sindano au kupima maharagwe, ncha ya ulimi ilichungulia kwenye pengo na kukaa pale mpaka jambo liishe.

"Nilimwona hivyo mara ya kwanza," mzee akasema. "Karungu, kwao. Anatunga uzi. Hakujua naangaliwa. Nikasema moyoni, mimi siondoki hapa."

Nilitoka nje nikajifanya nachota maji. Nilikuwa nimeshika mwiko badala ya ndoo. Nilikuwa nimefunika, kwa meno meupe, kile kitu hasa ambacho mtu huyu alikipenda kabla ya kupenda kingine chochote.

Mwalimu alirudi Homa Bay kwa siku chache akaketi nyuma yangu nilipokuwa nachora. Hakugusa brashi. Alisema mara moja tu, nilipokwenda kuchukua rangi nyeusi kwa ajili ya lile pengo. "Hakuna kitu cheusi ndani ya mtu anayepumua." Nikachanganya kahawia nyekundu na bluu iliyokolea, nikaiweka pale. Mwanangu, sijui nikuelezeje. Uso ulikuwa umekwisha kuchorwa wote, paji, kovu, kitambaa kinachoteleza, na ulikuwa mzuri, lakini ulikuwa kitambaa chenye rangi. Nilipoiweka ile rangi ya pengo, na ncha ya ulimi juu yake, kidoto kimoja tu, yule mwanamke alinijia. Alikuwepo chumbani. Nilirudi nyuma nikagonga meza. Nikamgeukia Mwalimu, naye alikuwa amevua miwani na kofia. Nje watu walikuwa wanapigia kelele bei ya samaki wa mbuta, na sisi tumesimama kama watu waliopitiwa na mgeni wa heshima.

Kesho yake Akinyi akatuma ujumbe. Baba ameanza kujigonga mlangoni akitoka. Kama ipo, ije.

Na rangi ilikuwa mbichi kabisa! Rangi ya mafuta haisikii dharura ya mtu. Nikamwambia Mwalimu tuchanganye dawa ya kukausha, ile wanayotumia mafundi wa magari. Akasema itapasuka kabla ya mwaka kwisha. "Ipelekwe ikiwa mbichi," akasema, akaigongea kasha la mbao lenye kina ili kitu kisiguse uso. Tukaenda wote wawili nyuma ya pikapu ya mahindi, mimi nimelikumbatia lile kasha njia nzima. Tulipolifungua tulikuta kijidudu kimoja cha ziwani kimenasa kwenye kitambaa cha kichwa. Kiko pale mpaka leo.

Ilikuwa alasiri. Jaduong' Ogola aliwekwa mlangoni kama mara ya kwanza, lakini safari hii bila koti, hakuwa na matumaini ya kuvalia koti. Akinyi akaishika picha mbele yake. Mzee akaanza kuitafuta kwa lile tundu la jicho, kipande kwa kipande, na sisi tulijua amefika wapi kwa sababu alitaja. "Kitambaa," akasema, "kimeteleza." Akashuka. "Kovu." Akashuka tena, na hapo akanyamaza. Nilihesabu pumzi zangu. Mabega yake yakaanza kutikisika, na nilidhani analia, kumbe anacheka. Alicheka huku machozi yanamtiririka hadi kidevuni.

"Nyar Karungu," akamwambia, "umekawia, mama."

Akinyi alipiga magoti na picha mikononi. Mwalimu aligeuka akaangalia ukuta. Mimi nilikuwa nalia kwa sauti, tena bila adabu.

Halafu mzee akanyoosha mkono. Nikapiga kelele, "Jaduong', mbichi!" Lakini mkono ulikwisha kufika. Kidole chake cha shahada kilitua pale pale kwenye pengo, kikazama kwenye rangi, kikakaa. Alipokitoa palibaki shimo dogo lenye mistari ya kidole chake. Nikachomoa brashi kwenye mfuko, nikasogea nikalisawazishe.

"Weka brashi chini," Mwalimu akasema.

Nikaiweka.

Mahindi yalipovunwa nilirudi Ndhiwa kumsalimia. Lile jicho lilikuwa limefungika kabisa. Picha ilikuwa imeteremshwa, mzee ameomba ipigiliwe msumari chini, usawa wa mkono wake anapokaa. Nilipobisha hodi alinitambua kwa sauti, akafurahi, akasema, "Ngoja umsalimie mwenye nyumba." Akanyoosha mkono, vidole vikatembea juu ya ubao wa fremu, vikaingia kwenye kitambaa kilichokauka, vikapita kovu, na kile kidole cha shahada kikashuka kikaingia kwenye alama yake, kikatoshea. Uso wake ulitulia wote.

"Yupo," akasema.

Nimechora miaka thelathini tangu hapo. Nimepigiwa makofi na watu wenye suti. Sijawahi kupewa sifa kubwa kuliko neno hilo. Na fikiria, kama ningekuwa nimetia ile dawa ya kukausha, kidole kingeteleza, na yule mzee angekaa gizani na ubao tu ukutani. 

Sasa geuza picha yako. Ndiyo, hiyo ya bibi yako wa Kehancha. Ni nzuri, na rangi ya mashavu umeniacha mbali, nakuambia kweli. Lakini nimemwona bibi yako kwenye harusi ya wazazi wako, na masikio yake yalikuwa yametobolewa na kuvutwa mpaka yanakaribia mabega, vile walivyofanya mabinti wa Kikuria wa enzi yake. Hapa una mtu mwenye masikio madogo mazuri. Hukumwona? Au kuna mahali ulifundishwa kutoangalia? Usinijibu. Mimi pia ilinichukua miaka mingi kulijibu hilo juu ya dani yangu.

Nasaha yangu ni hii, mwanangu. Usimtengeneze mtu kabla hujamjua. Unachotaka kumfichia pengine ndicho mtu wake anachokitafuta gizani. Chukua kisu, kwangua hayo masikio. Jumamosi nenda Kehancha, simu uiache hapa kwangu, ukakae siku tatu, na omba akueleze ni nani aliyemtoboa na alilia au hakulia. Wewe una bahati ambayo mimi sikuwa nayo: wako bado anapumua, na macho yake yanaona.

Mungu akuongoze barabarani, akupe macho yasiyokwepa na mkono usio na haraka. Akujalie siku moja usimame nyuma ya picha yako, usikie mtu akisema neno moja tu, yupo. Na ukifika, bibi yako mwambie mchoraji mzee wa Migori anamsalimu, na kwamba masikio yake nayakumbuka.